Majani ya Kiwanja cha Verdell

Wifi yangu Verdell hakuwahi kushika mashine ya kukata majani mpaka alipofiwa na mume na kukimbiwa na mtoto. Zamani kazi ile ilikuwa ya kaka yangu Rufus. Rufus alipofariki ikawa ya Tavian, mwana wao wa pekee. Mwaka ule ninaousimulia, kila Alhamisi jua likiwa bado kali, ungemwona mama mtu mzima akisukuma mashine huku na huko kwa hasira, kama vile majani yamemtukana. Mimi naishi ng'ambo ya barabara. Nilikaa kibarazani kwangu na chai yangu baridi, nikamtazama, na sikwenda kumsaidia, maana nilishajaribu akanifukuza.

Nimesema kukimbiwa. Yeye neno hilo halitaki. Ukimuuliza atakwambia mtoto alihama shule tu, kama wanavyohama vijana wengi wa mpira siku hizi. Lakini mimi ndiye shangazi yake, nina haki ya kusema nilivyoona. Tavian aliondoka Januari na mifuko miwili, akaenda kuchezea chuo kingine huko Kansas, na mwaka ule wote hakulala tena chini ya paa la mama yake. Pasaka hakuja. Likizo ndefu ya kiangazi hakuja. Wifi yangu aliipigania nyumba mahakamani kwa ajili ya mtoto yule, akaipata, kisha akabaki nayo peke yake.

Nyumba yenyewe si kasri. Ni ya mbao, rangi inabanduka upande wa magharibi, nayo imekaa kwenye kona inayotazamana na lango la uwanja wa Chuo. Katika mji wetu ukisema Chuo huna haja ya kutaja jina. Alabama ina vyuo vikubwa vinavyojulikana kila mahali, na chetu si kimojawapo, lakini usije ukayasema hayo mbele ya mtu aliyevaa damu ya mzee, maana hiyo ndiyo rangi ya timu yetu, Korongo. Tuna mto, tuna kiwanda cha mbao kilichobaki kimoja, tuna makanisa mengi kuliko waumini, na tuna mpira. Nao mpira wa hapa ni ule wa kubeba mikononi, wa kofia ngumu na mabega ya bandia, na Jumamosi ya mechi ya nyumbani hata maiti husubiri Jumapili.

Kiwanja cha nyumba hiyo ni kikubwa. Tangu enzi za baba yetu, Jumamosi za mechi watu walikuja humo tangu asubuhi, wakafunga mahema yao, wakapika, wakala, wakataniana, ndipo wakaingia uwanjani. Kila ukoo ulikuwa na mahali pake. Hapakuwa na alama wala kigingi, lakini ukikaa mahali pa akina Pettway chini ya mti wa njugu za pekani ungetazamwa mpaka uhame mwenyewe. Rufus alikuwa akianza kuchoma nguruwe Ijumaa, moto mdogo, moshi mwingi. Verdell alipika sukuma wiki na mkate wa mahindi, nami nilileta pai za viazi vitamu, ambazo kwa kweli ndizo watu walizozifuata, hata kama wifi atawaambia vingine.

Na Alhamisi Rufus alikata majani. Aliyaacha marefu kidogo, ili mtu akivua viatu ahisi ubaridi. Watu walimcheka kwamba ni mvivu wa kushusha kisu cha mashine. Yeye alikuwa akijibu kwamba majani mafupi ni ya makaburini.

Tavian alikulia katika kiwanja kile. Alijifunza kudaka mpira uliorushwa na wanaume wenye mikono ya mafuta, kwa hiyo alipovaa glavu za kweli hakuna mpira uliomponyoka. Mzee Cleve, anayewapa maji wachezaji wa Korongo tangu mimi sijawa na mvi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kijana huyu atakuja kukaa kwenye benchi lake. Alikuwa akipita kwetu kila asubuhi ya mechi kula kabla ya kwenda kazini, na kila mara alimpa Tavian kikombe cha maji na kumwambia azoee mkono wake. Rufus aliwahi kumwona mwanawe akisajiliwa na Chuo. Hakuwahi kumwona akicheza. Moyo ulimsimama mwezi wa saba, na msafara wa mazishi ukaanzia kwenye kiwanja kile kile, watu wamesimama kila ukoo mahali pake.

Vuli ile Tavian alianza kucheza beki wa nyuma. Hapa kwetu wachezaji huingia uwanjani kwa miguu, wamepangana, watu wakiwa wamejipanga pande zote mbili za barabara, na njia yao inapita mbele ya kona ya Verdell. Kila mara Tavian alitoka kwenye mstari, akambusu mama yake shavuni, akarudi kwenye mstari. Wenzake walimzomea, wakamwita mtoto wa mama. Yeye aliwajibu wakamwombe mama yake awaazime shavu, na wiki iliyofuata alifanya vilevile. Sijui kama wifi yangu aliwahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile, pamoja na ujane wake.

Mwaka wa pili Chuo kikataka kujenga jumba la mazoezi, lenye paa, ili vijana wasilowe. Wakatazama ramani, wakaona mahali panapofaa ni kwenye kona yetu. Kwanza walimwendea Verdell kwa maneno laini na pesa nzuri. Akakataa. Wakarudi na maneno magumu kidogo, wakamkumbusha kwamba chuo cha serikali kina ruhusa ya sheria kuchukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, mradi kimlipe. Akawauliza umma ni nani, maana umma anaoujua yeye ndio ule unaokula kwake kila Jumamosi. Mwisho wakaenda mahakamani, naye akatafuta wakili akawafuata huko huko.

Basi jina lao la Hargrove likawa linasomwa mahali pawili: mgongoni mwa mchezaji wa Korongo, na kwenye kesi dhidi ya Chuo. Kocha alimwita Tavian ofisini, akamwambia kwa upole kwamba hakuna anayemlaumu. Wiki iliyofuata Tavian akakaa benchi. Iliyofuata pia. Watu walipouliza, kocha akasema ni mambo ya kiufundi tu.

Mji nao ukageuka. Watu waliokula nguruwe wa Rufus miaka nenda miaka rudi walianza kupita na mahema yao bila kusimama, wakaenda kuyafunga ng'ambo ya mto. Akina Pettway waliondoka bila kuaga. Hata Mzee Cleve hakuonekana tena, maana mkate wake uko Chuoni. Vijana wakipita na magari walishusha vioo wakampigia Verdell kelele auze banda lake timu ipate mahali pa kufanyia mazoezi. Mmoja alisema shida si nyumba, shida ni kichwa kigumu cha mwenye nyumba. Verdell alimjibu kwamba kichwa chenyewe nacho hakiuzwi. Nilicheka sana siku ile, lakini alipoingia ndani nilimkuta amekaa kitandani na viatu vyake.

Mwishoni mwa msimu Tavian alikuja jikoni. Nilikuwapo, namenya viazi. Hakukaa.

"Mama, waachie," alisema. "Nakuomba. Waachie tu."

"Niwaachie nyumba ya baba yako?"

"Baba hayupo."

"Ndiyo maana."

Nikaingilia, nikamwambia aongee na mama yake kwa adabu. Akasema, "Shangazi, mimi sigombani na mtu. Nimechoka tu." Akamgeukia mama yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Hii nyumba nakutunzia wewe, Tavian," Verdell alisema.

"Sikuomba nyumba, Mama. Nilikuwa nataka kucheza hapa. Hapa, ukiniona. Basi."

Wifi yangu angeweza kusema neno. Mimi mwenyewe nilikuwa na kisu mkononi na nikawa nangoja hilo neno. Aligeukia jiko, akaanza kukoroga sukuma wiki ambayo haikuhitaji kukorogwa, na alipogeuka tena mtoto alikuwa ameshatoka. Januari akajiandikisha kuhama. Alipoondoka alimkumbatia mama yake vizuri tu, akamwambia ajitunze. Hakugeuka nyuma kuitazama nyumba, na mama yake aliliona hilo.

Mwezi wa nne Chuo kikabadili mawazo. Wakapata ardhi nyingine upande wa pili, yenye mteremko mdogo na wenyeji wachache, wakaifuta kesi. Wakili alikuja na keki. Verdell alimkatia kipande, akamshukuru, akampigia Tavian simu kumweleza. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kusikia sauti ya kijana, ingawa ilikuwa mbali. Alisema vizuri, Mama, hongera. Mama yake akamuuliza kama sasa anaweza kurudi. Akasema ameshafika huko, ameshaahidi, na wanampenda. Akasema yuko sawa.

Kila Jumapili baada ya hapo alisema yuko sawa. Ukimuuliza chakula, sawa. Baridi, sawa. Marafiki, wapo. Verdell alikata simu na kuniambia, "Mtoto kazoea huko." Alisema hivyo kama mtu anayejitia moyo, lakini nilijua linamla. Alianza kukata majani wakati ule, kila Alhamisi, ingawa Jumamosi hakuna aliyekuja. Aliyakata chini kabisa, mpaka udongo unaonekana, kwa sababu hakujua kupandisha kisu na mimi sikujua, na kumuuliza mwanamume yeyote wa mtaa ule hakutaka. Aliketi kibarazani siku za mechi na sufuria imejaa, akisikia kelele za uwanjani. Jioni alinivushia chakula ng'ambo ya barabara, nikala mpaka nikanenepa.

Halafu tukaisoma ratiba, na ikawa Kansas wanakuja kucheza kwetu mwezi wa kumi.

Sijawahi kumwona mtu akisafisha nyumba namna ile. Alifua mapazia. Alitandika kitanda cha Tavian, akakitandua, akakitandika tena. Nikamwambia, "Wifi, timu ngeni inalala hotelini, inaletwa na basi na kuondoka na basi. Hawaruhusiwi hata kwenda chooni peke yao." Akasema anajua. Akapika sukuma wiki ya kulisha kijiji.

Mabasi yao yalipita asubuhi mbele ya kona yetu, maana hakuna njia nyingine ya kufika lango la wageni. Yalikuwa mawili, vioo vyeusi, polisi mbele. Verdell alisimama ukingoni mwa kiwanja chake, pale pale alipokuwa akibusiwa, amevaa buluu ya Kansas. Hakujua Tavian yuko basi gani wala dirisha lipi, kwa hiyo alipungia madirisha yote. Alipunga mpaka basi la pili limekata kona, na mkono ukabaki juu. Hakuna kilichofunguka. Nikamwambia vioo vile havifunguki, ndivyo vilivyotengenezwa. Akasema anajua, mbona namwambia mambo anayoyajua.

Tuliketi upande wa mashariki, walikopangiwa wageni, jua machoni. Miaka yangu yote ndani ya uwanja ule sikuwahi kukaa upande ule, na nikaona hata bendi yetu wenyewe inaonekana ngeni. Mimi nilivaa buluu juu na damu ya mzee ndani, maana mtu habadili dini kwa siku moja.  Verdell alikuwa akimtafuta mtoto wake kati ya migongo ya buluu, akimpata, akimpoteza, akimtafuta tena. Tavian alikuwa amekomaa mabega. Alicheza vizuri, kwa utulivu, bila kutazama jukwaani hata mara moja. Wifi yangu akaanza kukunja na kukunjua leso. Nikajua anachofikiri: kweli kazoea.

Robo ya tatu, Korongo walirusha mpira mrefu. Tavian akauona kabla ya aliyerushiwa, akaruka, akaudaka, akaanguka nao kifuani karibu na mstari wa upande wa magharibi. Uwanja mzima ukaguna. Wenzake wa Kansas wakaanza kushangilia huku upande wetu. Yeye akainuka, akamrushia mwamuzi mpira, akavua kofia, na akatembea kwenda kwenye benchi.

Benchi la Korongo.

Hakukimbia wala hakufanya dhihaka. Alikwenda kama mtu anayekwenda kwake, kichwa kimeinama kwa uchovu, akapita katikati ya vijana wa damu ya mzee, wakampisha kwa mshangao, akafika mwisho wa benchi, akaketi mahali pake pa zamani na kunyoosha mkono. Na Mzee Cleve, bila kutazama nani ni nani, akamtilia kikombe cha maji mkononi.

Kicheko kilianza upande wa magharibi kikazunguka uwanja mzima. Mtu nyuma yetu akapiga kelele kwamba mwenyeji karudi, wamwache anywe. Tavian alikuwa ameshafikisha kikombe mdomoni. Nilimwona akisita kunywa, akatazama jezi yake, akatazama za wenzake. Hata kwa mbali ule uso niliujua, ni uso wa Rufus siku aliyofiwa na mama yetu. Mzee Cleve naye akawa ameng'amua. Hakumnyang'anya kikombe. Alimshika shingo kwa nyuma, akainama, akamwambia jambo. Baadaye Cleve mwenyewe alituambia ni nini: "Kunywa, mwanangu. Maji hayana kesi."

Tavian akanywa. Kisha akauvuka uwanja wote kwa upana wake, peke yake, kurudi upande wa buluu, na kabla hajafika kicheko kilikuwa kimekwisha. Watu wa sehemu fulani za jukwaa la magharibi walianza kupiga makofi. Sitasema ni akina Pettway, lakini najua wanakokaa.

Wifi yangu hakucheka wala hakupiga makofi. Alinishika mkono kwa nguvu hadi pete ikaniumiza.

"Alisahau," aliniambia. "Odessa, alisahau kama ameondoka."

Akalia hapo hapo, mbele ya watu wa Kansas, ambao ni watu wazuri na wakampa karatasi za kujifutia. Korongo walishinda, na sitaki kuulizwa nilijisikiaje.

Baada ya mechi wageni hupewa muda mfupi kuona jamaa zao, penye uzio, mabasi yakiunguruma. Tavian alitoka nywele mbichi, suti ya timu, mfuko begani. Alinikumbatia mimi kwanza, nadhani kwa woga. Kisha akamkumbatia mama yake, na pale hawakuachana upesi. Hakuna aliyetaja benchi. Hakuna aliyetaja nyumba. Walibaki wanatazamana kama watu wawili waliobeba sufuria moja ya moto na kila mmoja anaogopa kuachia upande wake. Nikaona muda unaisha.

"Nani anakata majani?" Tavian aliuliza.

"Mimi."

"Unakata chini mno. Nimeona asubuhi, tulipopita."

 Verdell alikuwa amepungia madirisha yale yote, na nyuma ya mojawapo mtoto alikuwa akitazama majani.

"Sijui kupandisha kile kisu," alisema.

"Yanakuwa kama ya makaburini, Mama."

"Najua."

"Basi acha. Usiyaguse tena. Nitakuja nikate mwenyewe."

"Lini?"

Mtu wa timu akaita majina. Tavian akasema shule ikifungwa, akambusu shavuni, akarudi kwenye mstari.

Ahadi ya kijana wa miaka ishirini mtu mwenye akili huiweka mfukoni na kuendelea na maisha yake. Wifi yangu aliiweka juu ya meza. Alhamisi iliyofuata mashine haikunguruma. Ilipofika Krismasi Tavian alikuwa na mazoezi ya mechi ya mwisho wa mwaka, hakuja, na majani yalikuwa yamelala kwa baridi hata hivyo. Lakini mwezi wa tatu yakaamka. Ninyi mnaoishi kwenye mvua na joto mnajua majani yakiachwa yanafanya nini. Mwezi wa nne yalifika magotini. Mwezi wa tano paka wangu aliingia humo akatoka baada ya siku mbili, amekonda.

Nikamwambia wifi atafuga nyoka. Akasema nyoka naye ni kiumbe. Nikamwambia nitamleta kijana wa kanisani akate hata njia ya kufikia mlango. Akakataa. Mkaguzi wa mji alikuja kwa gari, akasimama ukingoni, akamwambia Bi Verdell kwamba kuna sheria ya urefu wa majani na majirani wameanza kulalamika. Jirani aliyelalamika ni mimi, ila sikujitaja. Verdell alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwenyewe amesema atakuja," akamwambia.

Mkaguzi akauliza mwenyewe ni nani. Verdell akasema ni mwenye majani. Yule bwana alikuwa amesoma Chuoni, alikuwa amekaa uwanjani siku ile mwezi wa kumi, na nadhani alielewa, kwa sababu alitazama barabarani, akasema ataonekana amesahau kwa wiki chache.

Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Kila jioni alikaa kibarazani, na kwa kuwa majani yalikuwa marefu niliona kichwa tu. Cleve alirudi kumtembelea, akakanyaga mwenyewe njia ya kufika mlangoni, akaketi naye. Mimi niliogopa. Nilijua shule imefungwa katikati ya mwezi wa tano. Mwezi wa tano ukaisha. Simu za Jumapili zilikuja, yuko sawa, na Verdell hakumuuliza habari za majani, na yeye hakuzitaja. Nikamuuliza kwa nini hamkumbushi. Akasema mtoto akikumbushwa anakuja kwa sababu amekumbushwa.

Ikawa asubuhi moja mwezi wa sita nikasikia mashine inanguruma, inakohoa, inazimika. Inanguruma tena, inazimika. Nilitoka na gauni la kulalia. Tavian alikuwa amesimama katikati ya majani yaliyomfika kiunoni, shati amelivua, anaipiga mashine teke.

"Shangazi," aliniita, "huyu wifi yako kanioteshea msitu!"

"Ni mama yako," nikamjibu. "Ulimwambia asiyaguse."

Akageuka akaitazama nyumba. Mama yake alikuwa kibarazani, mikono ndani ya aproni. Tavian akafuta uso kwa shati, na akaendelea kuufuta kwa muda mrefu kuliko jasho linavyohitaji. Kisha akaenda bandani akatoka na fyekeo la baba yake.

Alikuwa amepewa siku mbili tu. Rafiki yake angempitia siku ya pili adhuhuri, mazoezi ya kiangazi Kansas yalikuwa yanaanza. Alifyeka mchana kutwa. Watu waliopita walipunguza mwendo wa magari. Mmoja wa akina Pettway alisimama, akashuka, akauliza kama kuna fyekeo la pili, akaambiwa asante, hakuna. Jioni nusu ya kiwanja ilikuwa imelala na harufu yake ilifika mpaka kwangu. Tavian alikula sahani tatu, akalala kwenye kitanda kile kilichotandikwa tangu mwezi wa kumi. Mama yake alikuwa akipita mlangoni kwake kila alipopata kisingizio.

Siku ya pili tuliamka na mvua. Nilivuka barabara na mwavuli nikamkuta Tavian mlangoni, mfuko begani, anatazama ile nusu iliyobaki.

"Itabaki hivyo, Mama," alisema.

"Itabaki."

"Mvua ikikatika mapema naweza kumalizia kabla rafiki yangu hajaja."

Wifi yangu huchukia mvua. Inamharibia nywele, inamtonesha goti, inaingia upande ule wa magharibi ambako rangi imebanduka. Lakini alitazama juu, na midomo yake ikawa inacheza, nami nikajua anachoomba. Mvua haikukatika. Gari la rafiki likafika likasimama pembeni, na kijana wa ndani yake akapiga honi mara moja, kwa adabu. Tavian alishuka ngazi, akaingia kwenye ile nusu iliyofyekwa, akainama, akashika majani kwa kiganja kama baba yake alivyokuwa akifanya kupima kama yamelowa. Akarudi kibarazani akatoa simu. Tukamsikia akimwambia mtu wa Kansas kwamba atachelewa, ana kazi ya nyumbani haijaisha, na majani mabichi hayakatiki.

Alipokwenda kumwambia rafiki yake aingie ndani ale, Verdell alinisogelea. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mtoto asisikie, kama nadhani kesho nayo itanyesha.